Gari hili lina mwenyewe?

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Mbele ya geti langu kuna gari lililotelekezwa, sasa mwezi wa 14. Matairi yamelala chini, kioo cha nyuma kimepasuka, paka kazalia kwenye kiti cha dereva. Na paka sina ugomvi. Ninachohofia ni oili inayochuruzika hadi mtaroni, wanakochezea wajukuu wangu. Nilipeleka namba ya gari polisi, wakanituma halmashauri. Halmashauri wakanirudisha polisi. Kumsaka mwenyewe kwa namba hiyo, kumpa notisi, akikaidi livutwe: ni kazi ya nani? Juzi nilibandika karatasi yangu kiooni: “Lina mwenyewe hili?” Mvua imeshaifuta.

Bibi wa nyumba ya kona