Ahsante kaka wa pale kwenye urojo, Chake Chake

Asalaam alaykum jamani, mie namtafuta yule kaka alokuwa anakunywa urojo juzi baada ya magharibi pale Chake Chake, jina sikumuuliza na roho yaniuma mpaka leo. Laptopu yangu siku tatu haikamati waifai, tena si kwamba inakataa paswedi, hata orodha ya mitandao haiji, tupu kabisa, na maombi ya chuo ya mwanangu yanafungwa usiku ule ule. Fundi mmoja alishanambia kadi ya waifai, kile kifaa cha ndani cha kushika mtandao, imekufa ninunue nyengine.

Huyu kaka hakunitisha. Kafungua divaisi meneja, pale laptopu inapoorodhesha vifaa vyake, kanionyesha kijipembetatu cha njano ubavuni mwa jina la kadi ya waifai, kasema "mama, kadi nzima hii, draiva, ile programu ya kuiendesha kadi, ndo imeharibika, ulifanya apdeti?" Kweli nilifanya! Sasa draiva yataka intaneti na intaneti yenyewe hamna, basi kachomeka simu yake kwa waya wa chaja, kaiweka igawe intaneti kwa njia ya waya, laptopu ikapata neti bila hiyo waifai, tena kwa bando lake mwenyewe. Kashusha draiva kwenye tovuti ya walotengeneza laptopu, kairistati, mara alama ya waifai hiyo pale chini imerudi. Wallahi machozi yalinitoka.

Pesa kakataa, kasema nimwombee dua tu. Fomu ilienda saa nne usiku. Kakaangu, kama salamu hizi zitakufikia, Mwenyezi Mungu akuzidishie, na lile bando nataka nikurejeshee.