Kwa Mama Pendo, kuhusu lile darasa la roboti

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Pendo,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, ila stima imepotea tangu saa kumi na ninakuandikia kwa tochi ya simu. Uliniuliza kama umwandikishe Pendo darasa la roboti huko Nakuru likizo hii, au ni ujanja mwingine wa kula pesa za wazazi.

Mimi mwaka jana nililiwa, sikufichi. Mahali pa kwanza nilipompeleka Akinyi palikuwa na roboti moja kwa watoto kumi na wanne. Mwalimu anaiendesha, watoto wanapiga makofi. Akarudi nyumbani na cheti kizuri. Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, nenda usimame mlangoni uone ni mikono ya nani inayoshika vifaa. Usingoje shule pia: KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha silabasi ya kodingi, yaani kuiandikia kompyuta amri, mwaka 2022, lakini shuleni kwetu huku kompyuta zenyewe zimefungiwa ofisini.

(Babake nilipomtajia kodingi alisikia kodi. Akanijibu ya mwezi huu ameshalipa.)

Anakosoma sasa walianza na Scratch, ile programu ya bure iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Mtoto anapachika vipande vya amri kimoja chini ya kingine, na paka aliye kwenye skrini anatembea. Kiswahili kimo, na ukishaipakua kwenye kompyuta haili bando. Hiyo unaweza kumwanzishia nyumbani leo.

Lakini nililotaka hasa kukusimulia ni la kigari. Walikiunda kwa kadibodi, mota mbili, na kihisi chenye macho mawili. Jicho moja linatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, jingine linangoja urudi, na muda uliopita ndio unaokijulisha kigari ukuta uko umbali gani. Siku ya wazazi, cha Akinyi kuwashwa tu kikazunguka palepale kama pia. Nikajua sasa ni kilio. Unamjua mtoto huyu: kosa moja la hesabu, anafuta ukurasa mzima mpaka karatasi inatoboka.

Hakulia. Alikigeuza chali, akakiwasha tena, akayatazama magurudumu kwa muda. "Hili linaenda mbele, hili linarudi nyuma." Akachomoa waya nyekundu na nyeusi za mota moja, akazibadilisha nafasi. Kikaondoka moja kwa moja, kikafika karibu na ukuta, kikasimama. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni muda huo wote, hakutia mkono. Kwa hilo tu nitamlipa muhula ujao bila kunung'unika.

Watu wanasema tunalea wahandisi. Sijui, huyu wiki hii anataka kuwa nahodha. Ila juzi nilimkuta na hesabu za kugawanya, jibu limekataa. Kifutio kiko kando, hakijaguswa, naye anashuka na kalamu mstari kwa mstari. Nikamuuliza anafanya nini.

"Natafuta waya, Mama."

Stima hiyo imerudi, wacha niweke simu chaji. Agosti tukija Nakuru anakuja na kigari chake. Paka wenu mtafutieni pa kujificha.

Wako,
Mama Akinyi