Kwa vijana wa kanisa letu hapa Lanet, kuhusu barua za askari

Wanangu wapendwa,

Mwenyekiti wenu aliniletea bahasha yenye barua 23 mlizowaandikia wanajeshi wetu walioko Somalia na polisi walioko Haiti. Aliniomba nizipitie, kwa kuwa nami niliwahi kuvaa magwanda. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Mmefikiria jambo jema sana, na ndiyo maana sitaki liharibike. Nawarudishia 22.

"Mashujaa wetu wapendwa, tunawashukuru kwa kujitolea kulinda taifa." Ya kwanza imeanza hivyo, ya pili vivyo hivyo, hadi mwisho. Si uongo. Ila askari ameshayasikia hayo gwarideni, tena kwa kipaza sauti. Aliyelala usiku kucha nyuma ya mifuko ya mchanga hana haja ya kuambiwa yeye ni nani. Ana hamu ya kujua kama mvua imenyesha kwao.

Mwaka 1989 nilikuwa Namibia na kikosi cha Kenya chini ya Umoja wa Mataifa. Tulikaa huko kupitia uchaguzi wa Novemba hadi nchi ile ikapata uhuru, Machi 1990. Siku ya barua sajini alisimama na gunia akiita majina. Walioitwa walikimbia kama watoto wa shule. Wasioitwa waliinama wakajifanya wanapiga viatu rangi. Mwenzangu mmoja wa upande wa Busia alipiga viatu rangi hivyo mara tano mfululizo, nikaona nimsomee barua zangu.

Mama hakujua kuandika. Alimwita mtoto wa jirani, wa darasa la sita, akamwambia maneno, na yule mtoto akaandika kila alichosikia bila kuruka hata neno. Kwa hiyo katikati ya habari za shamba palikuwa na haya: "ng'ombe yule mweusi ana mimba shii toka kwenye mahindi wewe kuku na shangazi yako anakusalimu." Karatasi ile nyembamba ya buluu ilizunguka hema zima. Kwa wiki nzima, mtu akichukua nafasi ya mwenzake kwenye foleni ya chakula anaambiwa, "Shii, toka kwenye mahindi!" Na yule wa Busia, kila gunia lilipofika, hakuuliza kama jina lake limo. Aliniuliza, "Ng'ombe amezaa?"

Andikeni hivyo. Kila mmoja achukue kitu kimoja alichokiona kwa macho yake wiki hii akieleze mpaka kionekane. Ziwa lilivyopanda likameza njia mliyokuwa mkipita. Bei ya gunia la mahindi. Mechi ya mpira ya Gor Mahia na AFC Leopards, yaani Ingwe, nani alifunga na nani alikosa penalti. Mama anayeuza chapati pale steji na anachowaambia makanga wasiolipa. Msiogope kwamba ni mambo madogo.

Mmoja wenu ameandika, "Huku sisi sote ni wazima, usiwe na wasiwasi wowote." Kwa barua ya mtu usiyemjua hiyo si kosa. Lakini baadhi yenu mna kaka na dada huko, kwa hiyo niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Baba yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akapigana Burma mwaka 1944. Alifariki Agosti 1989 nikiwa Namibia. Watu wa nyumbani walikaa wakakubaliana nisiambiwe, nisije nikafanya kazi kwa moyo mzito. Barua ziliendelea kuja: sote wazima, baba anakusalimu. Nilirudi nimebeba blanketi nililomnunulia, nikakuta kaburi limeshaota nyasi. Najua walifanya hivyo kwa upendo. Lakini mpaka leo naumia kwamba nilikuwa nacheka hemani siku wenzangu wa damu walipokuwa wakilia. Habari ya msiba wa ndugu ifikishwe kwa mkubwa wake wa kikosi au kasisi wa jeshi, amwambie akiwa na mtu kando yake. Isifichwe.

Kuna maswali ambayo msiyaulize kabisa: uko kambi gani, mko wangapi, mnaondoka lini. Hata kama ni ndugu yako. Barua ikianguka mikononi mwa mtu mwingine, jibu la swali hilo laweza kuua. Akiwajibu, msiipige picha barua yake mkaitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Baada ya al-Shabaab kuvamia kambi ya askari wetu kule El Adde, Somalia, Januari 2016, picha za vijana wetu zilikuwa zikizunguka kwenye simu za watu huku mama zao wakitafuta habari. Msiusahau uchungu ule.

Najua mtaniuliza, mzee, si kuna simu? Kuna simu, pale mtandao unapokubali. Wa Haiti wako nyuma yetu saa saba au nane. Nyinyi mkiwa mnakula chakula cha jioni, kwao jua liko utosini na wako kazini. Tena simu ya nyumbani mara nyingi huja na ada ya shule na deni la duka. Karatasi haina haraka. Inakunjwa, inakaa mfukoni, inatolewa tena saa tisa za usiku.

Wala msingoje majibu. Wengine hawatajibu, na si kwa dharau. Mwandikieni tena.

Barua moja nimebaki nayo. Ni ya yule mdogo wenu kuliko wote, aliyeandika kwamba mbuzi wao alikula daftari la hesabu na mwalimu hakuamini, akamchora mbuzi mwenyewe na kipande cha karatasi mdomoni. Hiyo iende kama ilivyo, msimsahihishie tahajia. Zingine nileteeni Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Kuna kijana wa hapa jirani anayemaliza likizo Jumatatu na amekubali kuzibeba za Somalia. Karatasi na bahasha nitanunua mimi.

Mzee wenu,
Lanet, Nakuru