Barua kwa Mwanahawa kabla hajaja mlimani

Soweto, Moshi
20 Mei

Ndugu yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Masika yanakatika, na leo asubuhi kilele cha Kibo kilikuwa wazi chote, cheupe, nikawakumbuka. Hongera kwa mwanao Zuhura! Nilipopata habari kwamba amefaulu, na kwamba zawadi aliyoomba ni kupanda Kilimanjaro, nilimpigia simu papo hapo kaka yangu, yule mwongozaji wa mlimani. Julai haiko mbali, kwa hiyo naomba usome barua hii kwa utulivu.

Kabla hujanunua hata soksi, shughulikieni chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na anayetoka kwenu kuja kwetu hudaiwa kadi ya njano. Kadi yenyewe huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Shangazi yangu aliyeolewa Voi alikuja msibani akiwa na siku tatu tu tangu achanjwe, akakwama mpakani huku sisi tunamsubiri makaburini. Sitaki yakupate hayo. Lakini wewe hebu pekua makabati yako kwanza: ulichanjwa tulipomaliza chuo, na tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Ukiiona, atakayehitaji sindano ni Zuhura peke yake. Nakumbuka utotoni alikuwa anavimba midomo akila mayai. Mwambieni muuguzi kabla hajamchoma, maana chanjo hii hutengenezwa kwa mayai ya kuku. Ikionekana haimfai, daktari atamwandikia cheti cha kuonyesha hivyo.

Visa hamhitaji, ila kitambulisho kinachokufikisha Kampala na Kigali hakikufikishi Moshi. Njooni na pasipoti, au ile hati ya muda ya kusafiria. Zuhura hajatimiza miaka 18, kwa hiyo beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya baba yake ya kumruhusu.

Mkitoka Mombasa piteni Voi, Mwatate, hadi Taveta. Siku hizi mambo yote ya kutoka Kenya na kuingia Tanzania yanamalizwa upande wetu, Holili, ndani ya jengo moja. Shukeni na mhakikishe pasipoti zote mbili zimegongwa muhuri. Kutakuwa na vijana wa bodaboda watakaowaambia foleni ni ndefu, wawapitishe njia za panya. Msikubali, hata kama abiria wenzenu wote wanapita huko. Bila muhuri, kuanzia hapo mtakuwa mnasafiri mkiogopa kila askari barabarani.

Malaria hamna haja ya kufundishwa, ninyi watu wa Pwani. Moshi mjini mbu wapo, nimewawekea chandarua. Ila Zuhura akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, apimwe damu, msiseme ni uchovu wa mlima.

Sasa mlima wenyewe, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Umeniandikia kwamba kuna mtu mtandaoni anawapa siku tano kwa bei nafuu. Mkatalie. Kwanza muulize leseni yake ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA, uone atajibu nini. Pili, bei ikishuka sana, kuna anayeifidia, na mara nyingi ni wagumu wanaobeba mizigo, wanaolipwa kidogo na kula mlo mmoja. Tatu, ninyi mnalala usawa wa bahari. Kwa njia ya Marangu mtalala kambi ya Mandara, kisha ya Horombo, mita 3,720, kisha ya Kibo, mita 4,700 hivi, na usiku huohuo mnaamshwa kwenda kileleni, mita 5,895, ambako hewa anayoivuta mtu ni kama nusu ya ile ya Mombasa. Mwili unahitaji muda. Lipieni siku sita, mpumzike siku nzima Horombo: mchana mnapanda kidogo, jioni mnarudi kulala palepale. Fedha ya siku hiyo ikipungua, niambie, nitachangia.

Sijawahi kukusimulia vizuri yaliyonikuta mimi. Nilipanda nikiwa na miaka 19, na kaka akiwa mmoja wa waongozaji. Kuanzia Horombo kichwa kilinigonga, nikatapika nyuma ya jiwe nikafukia kwa mchanga, nikanyamaza. Nilijua baba alikuwa ameuza ng'ombe. Tulipofika kambi ya Kibo nilikuwa napepesuka kama mlevi, nikamwita kaka kwa jina la marehemu babu. Hakuuliza kitu. Walinibeba usiku uleule hadi Horombo, na kulipokucha nikaomba uji. Kaka aliniambia baadaye kwamba kichwa kuuma kidogo huwapata wengi, lakini mtu akishaanza kupepesuka, au kuchanganya maneno, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, dawa ni kumshusha mara moja, usiku au mchana.

Zuhura ni mtoto wa kunyamaza kama nilivyokuwa. Atakumbuka fedha ulizotoa, atakumbuka picha aliyowaahidi wenzake, atameza maumivu. Kwa hiyo kaa naye sasa, mkiwa bado nyumbani, umwambie kwa kinywa chako kwamba akiishia Horombo zawadi yake iko palepale. Akiisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa kaka kule juu, hataamini. Mwulizeni pia daktari kuhusu Diamox, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ila isiwe sababu ya kuficha kichwa kinapouma.

Nguo za baridi msinunue nyingi. Makoti na mifuko ya kulalia tutakodi hapa, viatu tu viwe vyake, na aanze kuvivaa sasa. Mifuko ya plastiki iacheni, kwani kama ilivyo kwenu, huku nako imepigwa marufuku, tangu Juni 2019.

Nitawapokea Holili mwenyewe. Niletee achari ya embe, ile ya mama. Na siku Zuhura atakayochomwa sindano, nitumie ujumbe, nianze kuhesabu siku kumi.

Wako,
Ndeshi