Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masahihisho Kuhusu Kanisa la Germigny-des-Prés

Ndugu wanachama,

Katika taarifa ya mwaka jana niliandika kwamba kanisa la Germigny-des-Prés, kijiji kilicho karibu na mto Loire, mashariki ya Orléans nchini Ufaransa, limesimama tangu mwaka 806. Baada ya ziara yetu ya mwezi Mei na vikao vya kusoma vilivyofuata, sina budi kuifuta kauli hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuta tulizozigusa siku ile ni kazi ya karne ya 19.

Aliyelianzisha ni Theodulf, Mgothi mwenye asili ya Hispania, ambaye Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alimfanya askofu wa Orléans na abati (mkuu wa monasteri) wa Fleury. Alijijengea kanisa dogo kando ya makazi yake: nguzo nne katikati, mnara juu yake, kijichumba cha nusu-duara kila upande, na matao yanayobana kwa chini mfano wa kiatu cha farasi, umbo ambalo wengi hulihusisha na huko alikotoka. Hakulifaidi sana, maana mwaka 818 alituhumiwa kula njama dhidi ya mfalme Louis, mwana wa Charlemagne, akavuliwa uaskofu na kufungwa Angers. Karne nyingi baadaye, kanisa la mtu mmoja lilipokuwa limegeuka kanisa la wanakijiji, nusu-duara la magharibi liliondolewa ili uunganishwe ukumbi mrefu wa waumini.

Hazina yenyewe ni mozaiki, picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, iliyo juu ya madhabahu. Malaika wawili wakubwa wameliinamia Sanduku la Agano, mkono wa Mungu unateremka kati yao, na hapana sura ya Kristo wala ya Bikira Maria. Hilo si bahati, kwani Theodulf ndiye anayehesabiwa na wanazuoni wengi kuwa mwandishi wa hoja za Wafaranki dhidi ya kuzisujudia picha, ilhali Sanduku lilitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Waliokuwapo watakumbuka jinsi ukisogea hatua moja tu, vijiwe vya dhahabu vilivyokuwa vimefifia vinawaka ghafla. Vilifunikwa kwa chokaa hadi karibu mwaka 1840, na inasimuliwa kwamba siri ilifichuka watoto walipoonekana wakichezea vijiwe vya rangi. Chokaa tunayoilaumu kwa kuficha ndiyo, kwa maoni yangu, iliyohifadhi.

Kati ya mwaka 1867 na 1876 msanifu majengo Juste Lisch alipewa kazi ya kulikarabati kanisa lililokuwa limechakaa, akalibomoa karibu lote na kulijenga upya. Simwiti mharibifu, kwani bila yeye huenda tungekuta kifusi. Lakini tazameni kona za nje zilivyonyooka bila kovu hata moja, kama kwamba miaka elfu haikupita hapo. Hata mozaiki ina sehemu zilizotengenezwa upya katika karne hiyo hiyo.

Hesabu za mwaka zitasomwa na mtunza hazina. Kwa upande wangu naomba kamati iidhinishe kipeperushi kipya chenye ramani ya rangi mbili, moja kwa kilicho cha Theodulf na nyingine kwa kilichoongezwa au kujengwa upya baadaye, na nakala zote za kipeperushi cha zamani, chenye kosa langu, zirudishwe kwa katibu kabla ya ziara ijayo.