Malalamiko: muuzaji wenu anajipandishia dau, na nyie mnanijibu mnada ulikuwa halali

Kwa kitengo cha malalamiko,

Habari zenu. Naandika kwa kirefu kwa sababu kule kwenye chati nilijibiwa na roboti, akaja mtu, na huyo mtu naye akanijibu kama roboti, eti "tumepitia mnada huu na hatujaona ukiukwaji wowote, asante kwa kuendelea kututumia". Sasa historia ya madau ninayo hapa mbele yangu, nyie wenyewe ndio mnaoiweka wazi kwenye ukurasa, na ninachokiona humo hata mtu ambaye hajawahi kununua kitu mtandaoni angeuliza maswali. Naomba safari hii isomwe na binadamu, tena mpaka mwisho.

Ishu iko hivi. Niliingia kwenye mnada wa kamera ya zamani ya filamu. Nikaandika kiwango changu cha juu kabisa nikauachia mfumo wenu unipandishie wenyewe kidogo kidogo pale mtu mwingine akija, maana ndivyo mnavyotushauri kila siku. Bei ikakaa chini muda mrefu tu, wawili watatu wakajaribu wakaacha, kawaida. Mnada ulipokaribia kufungwa ikaingia akaunti mpya, jina lake mmelificha kwa vinyota, ikaanza kuweka vidau vidogo vidogo mfululizo ndani ya dakika chache mpaka ikakipita kiwango changu. Ilipokipita tu, ikafuta dau. Sababu iliyojazwa: amekosea kuandika kiasi. Haya, watu wanakosea, sibishi. Ila baada ya kufuta ikarudi na dau jipya, na hilo dau jipya lilikuwa chini ya kiwango changu kwa hatua moja. Moja tu! Aliyekosea tarakimu kwa bahati mbaya anajuaje kiwango changu kilipo wakati hicho kitu kinatakiwa kiwe siri kati yangu na mfumo wenu? Alijua kwa sababu alishanipita, na ukimpita mtu mfumo unakuonyesha bei imefika wapi, kwa hiyo kiwango changu alikisoma kwenye kioo, akajifuta, akarudi kusimama pembeni yake. Mimi nikashinda, kwa bei ambayo karibu yote kaitengeneza yeye.

Na hiyo akaunti yenyewe, jamani, fungueni muone. Karibu madau yake yote yako kwa muuzaji huyu mmoja. Anapandisha vitu vyake tu, lensi, begi, stendi, chochote, na hashindi. Yaani mtu anapenda sana duka la mwenzie lakini hataki kununua kitu. Mara moja naona aliteleza akashinda lensi, na haikuchukua muda lensi ile ile ikarudi mnadani na picha zile zile, hata kivuli kwenye ile picha ya pili hakijabadilika. Na kabla haijarudi, mnunuzi mwingine tuliyekutana kwenye sehemu ya maswali anasema aliletewa ofa ya nafasi ya pili: mshindi hajalipa, wewe unaweza kuichukua kwa dau lako la mwisho. Dau lake la mwisho ambalo alilifikishwa na nani? Na huyo huyo.

Kwenye minada ya ana kwa ana hawa wanaitwa wapambe, wanasimama katikati ya watu wanajifanya wanataka. Angalau kule unaweza kugeuka ukamwangalia usoni. Huku nyie ndio mmemfunika uso.

Sasa nije kwenye lile jibu lenu lililoniudhi kuliko yote. Mtumishi wenu aliniambia kwamba kwa kuwa bei haikuzidi kiwango nilichoandika mwenyewe, basi sijapata hasara, niliridhia. Hapana. Kiwango cha juu sio bei. Kiwango cha juu ni pale ambapo nikifikishwa na mtu anayekitaka kitu kweli nitaacha, na bei inatakiwa ipangwe na huyo wa pili yangu, nalipa pale alipoishia yeye na hatua moja juu yake. Huo ndio mkataba wa mfumo wenu wa kupandisha wenyewe, na wala hamkuubuni nyie, mwanauchumi William Vickrey aliandika juu ya mnada wa namna hiyo mwaka 1961 na mwaka 1996 akapewa tuzo ya Nobel. Uzuri wake wote ni kwamba mtu unaweza kusema ukweli wako, ukaandika thamani halisi unayoiona bila kuogopa, kwa sababu ukweli wako hautatumika kukukamua. Lakini yote hayo yanasimama endapo wa pili ni mnunuzi kweli. Ukimweka muuzaji mwenyewe kwenye nafasi ya pili basi ule ukweli wangu ndio unageuka bili yangu. Na ndio maana watu wengi siku hizi hawaandiki kiwango mapema, wanavizia sekunde za mwisho kabisa ndio wanatupa dau, halafu nyie mnatuma barua pepe za kulalamika kwamba minada inapooza katikati. Inapooza kwa sababu ya hawa.

Msinijibu pia kwamba ni mambo madogo ya kawaida mtandaoni. Mwaka 2000 kuna mchoro uliuzwa eBay, ule mtandao wa minada, ukidhaniwa ni wa mchoraji Richard Diebenkorn, dau likafika zaidi ya dola 135,000, ikaja kugundulika muuzaji kaweka dau kwenye kitu chake mwenyewe, mauzo yakafutwa na mwaka uliofuata waliohusika wakashtakiwa mahakamani, walikuwa kikundi wanapandishiana vitu vyao kwa majina tofauti tofauti. Uingereza mwaka 2010 mfanyabiashara mmoja alipigwa faini ya pauni 5,000 kwa mchezo huu huu wa akaunti mbili, moja inauza nyingine inapandisha. Na sheria ilishaliona hili zamani kabla hata intaneti haijaingia kwenye biashara. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya 1979, kifungu cha 57, inasema muuzaji akiweka dau kwenye mnada wake bila kutangaza kwamba amejiwekea haki hiyo, mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo kuwa ya udanganyifu. Ile kanuni ya biashara ya Marekani, kifungu cha 2-328, imeenda mbali zaidi na mimi naipenda hii: mnunuzi anachagua mwenyewe, avunje mauzo, au achukue kitu chake kwa bei ya dau la mwisho lililowekwa kwa nia njema.

Hicho ndicho ninachokitaka. Sitaki kuponi, sitaki pointi za uaminifu, kamera naipenda na nabaki nayo. Chukueni historia ya mnada, toeni madau yote ya ile akaunti yenye vinyota, angalieni mnunuzi wa kweli aliyekuwa nyuma yangu aliishia wapi, ongezeni hatua moja, halafu tofauti mnirudishie. Ni hesabu ya dakika mbili na takwimu zote mnazo nyie, mimi naona vinyota tu ila nyie mnaona anwani ya mtandao, kifaa, njia ya malipo, namba ya simu, kila kitu. Mkishindwa kuona kwamba hizi akaunti mbili zinalala nyumba moja basi hamjaangalia.

Na kuna jambo nalisema waziwazi. Kamisheni yenu mnakata kwenye bei ya mwisho. Bei ikipandishwa na mpambe, fungu lenu nalo linapanda. Sisemi mnashirikiana naye, ila msishangae mteja akiwaza hivyo pale mnapofunga malalamiko bila kueleza mlikagua nini.

La muuzaji mwenyewe ni fupi. Nilipomuuliza kwa adabu kabisa alijibu kwamba atanirudishia kiasi kidogo nje ya mfumo wenu, kwa sharti niweke nyota tano kwanza. Nimekataa. Skrinishoti ya ujumbe wake nimeiambatanisha, pamoja na historia ya madau na zile picha mbili za lensi, ya mwanzo na iliyorudi. Kumlazimisha mnunuzi aweke nyota ili apate haki yake kanuni zenu zinakataza, nimezisoma, na hili peke yake lingetosha mumsimamishe wakati mnachunguza mengine.

Pia hicho kitufe cha kufuta dau kirekebisheni. Mtu akifuta kwa kisingizio cha kukosea tarakimu asiruhusiwe kurudi kwenye mnada ule ule, au kama anarudi basi arudi na kiasi kile alichodai alitaka kuandika mara moja na dau lake lifungwe hapo. Na yule ambaye kiwango chake kimeshafichuliwa apewe taarifa na nafasi ya kukibadilisha. Mimi nilikuwa nimelala na mfumo wenu ndio ulikuwa unanilipia.

Nangoja jibu la maandishi kwenye barua pepe hii hii, likisema ni nani alikagua, alikagua nini, na tofauti yangu inarudishwa lini. Malipo nimeshayapinga kupitia benki yangu kwa hiyo tofauti tu, sio kwa bei yote, na nakala ya barua hii wanayo.

Mimi,
mnunuzi wa kamera, namba ya mnada iko kwenye kiambatanisho cha kwanza