Yah: Mabomba ya Bwawa Langu la Kuogelea Yaliyopasuka kwa Baridi na Mwenendo wa Msimamizi Wenu

Columbus, Ohio
12 Mei 2025

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Leo ni siku ya tisa tangu msimamizi wenu aondoke nyumbani kwangu, na nimesubiri siku zote hizo ili hasira ipoe nipate kuandika kwa adabu. Haijapoa, lakini adabu nitaitunza. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha mliyotutangazia huduma zenu sisi watu wa Afrika Mashariki tulioko huku, na ndiyo lugha aliyoitumia msimamizi huyo kumdhalilisha mama yangu.

Jumamosi ya tarehe 3 Mei msimamizi huyo aliinama kwenye kichujio cha mchanga, akakishika kizibo cha chini kwa koleo, akakizungusha. Mnajua kuliko mimi kwamba kizibo hicho hutakiwa kufunguliwa wakati wa kufunga bwawa na kuachwa wazi majira yote ya baridi ili maji yasibaki ndani. Kilikuwa kimekazwa vilevile kilivyokuwa kiangazi kizima. Kilipotoka, maji ya kahawia yalimwagika pamoja na mchanga yakalowesha viatu vyake. Alikitazama, akakitia mfukoni mwa koti, kisha akamgeukia mama yangu aliyekuwa ameketi barazani, akamwambia: "Mama, nyie watu wa joto barafu mtaijulia wapi? Huyu binti yako ndiye aliyechezea vifaa."

Mimi sikuchezea chochote. Tarehe 18 Oktoba mafundi wenu wawili walifika saa nne asubuhi kulifunga bwawa kwa majira ya baridi, na saa tano kasorobo walikuwa wameshaondoka. Nilikuwa jikoni, na dirisha langu linatazama bwawa. Kompresa ilinguruma dakika chache tu, na sikuona mapovu kwenye tundu hata moja kati ya yale matatu ya kurudishia maji, ilhali utaratibu wenu wenyewe unataka hewa isukumwe mpaka kila tundu litoe mapovu, lizibwe hewa ikiwa bado inatoka, na valvu ya bomba la sakafuni ifungwe mapovu yakishapanda ili hewa ibaki humo na kuzuia maji yasirudi. Ankara inasema galoni 6 za ile dawa ya waridi ya kuzuia maji yasigande. Makopo matupu waliyoyaacha kando ya pampu yalikuwa mawili, ya galoni moja moja. Nililipa dola 425 siku hiyohiyo, kwa kuwa fundi akikuambia kazi imekwisha, unamwamini.

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na yakiwa yamejaa ndani ya bomba lililozibwa hayana pa kwenda. Usiku mmoja wa Januari kipimajoto cha barazani kwangu kilisoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Bomba la plastiki linaloingia kwenye hita ya kupashia maji limepasuka kwa urefu, mpasuko wa kiganja kizima, na kucha yangu inapita katikati yake. Skima, yaani kile kisanduku cha ukingoni kinachovuta uchafu unaoelea, imetengana na bomba lake. Mirija ya shaba ndani ya hita imevimba na inavuja. Naomba mnieleze ni mkono wa nani unaoweza kupasua bomba namna hiyo, kutoka ndani kwenda nje.

Tena mwezi Aprili, siku niliyokuta nyasi za nyuma ya hita zimelowa na kupiga simu ofisini kwenu, mhudumu aliniambia kuwa dhamana haihusu uzembe wa mteja. Hakuna aliyekuwa amekuja kuangalia. Kwa hiyo msimamizi alifika kwangu na hukumu iliyokwisha kukatwa.

Narudi kwenye kile kizibo, maana sikueleza yote. Alipokitia mfukoni nilimwomba anirudishie, akasema ni mali ya kampuni. Kimetoka kwenye kichujio nilichokinunua mimi, kinawezaje kuwa mali ya kampuni? Nilipokuwa bado ninamuuliza, mama yangu alishika fimbo yake akainuka kitini, akasema: "Tusamehe, baba, sisi hatukujua." Mama yangu ana miaka 71. Alimwomba radhi mtu wa umri wa mwanawe, kwa kosa ambalo ushahidi wake mtu huyo alikuwa ameuficha mfukoni, naye akaipokea radhi ile, akaitikia "Hamna shida, Mama," akapanda gari lake akaondoka. Daktari amemshauri mama atembee majini kwa ajili ya magoti, na ndiyo sababu ninalitunza bwawa hilo. Tangu siku hiyo hataki hata kukaa barazani. Juzi usiku aliniuliza kama si yeye aliyegusa kitu alipokuwa akimwagilia mboga zake.

Nilipoketi kuandika nilikusudia kudai mnirudishie dola 425 na kutengeneza mabomba, basi. Sasa naona hayo hayatoshi. Fundi mwingine aliyepima presha ya mabomba amekadiria dola 1,950 kwa mabomba na skima, na dola 1,600 kwa hita. Ninadai jumla ya dola 3,975, na kazi itafanywa na fundi nitakayemchagua mimi, kwa sababu sitaki mtu wenu ashike koleo tena nyumbani kwangu. Ninadai pia msimamizi huyo aje amwombe radhi mama yangu, palepale barazani, kwa Kiswahili kilekile.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Siku ya 15 nitafungua shauri kwenye mahakama ya madai madogo ya hapa Franklin County, inayopokea madai yasiyozidi dola 6,000, na nitapeleka malalamiko kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio. Picha za mpasuko ninazo, na kamera ya mlangoni ilirekodi saa mafundi wenu walipoingia na walipotoka. Jamii yetu ya hapa, ambako mmepata wateja kwa kusifiwa mdomo kwa mdomo, nitaieleza mwenyewe.

Fedha zije kwa hundi. Msimamizi aje mwenyewe, na kizibo changu aje nacho.

Wenu,
Mteja wa ankara ya tarehe 18 Oktoba 2024